Uzi: Majeshi ya Shirikisho la sayari yashikwe na nani?

MWANA WA LANGONI (mwenye uzi)

Assalam aleikum, wanajukwaa.

Ninaandika riwaya inayohusu Shirikisho la walimwengu walio ndani ya mfumo wetu wa jua: Dunia, Mwezi, Mirihi, miji iliyochimbwa ndani ya asteroidi, na vituo vilivyojengwa kwenye miezi ya Mshtarii na Zohali. Hakuna chombo kinachopita kasi ya nuru, hakuna viumbe wa ajabu, na hakuna mfalme. Bunge lipo, katiba ipo, na majeshi yapo. Bunge halikunisumbua, majeshi yamenikwamisha, na ndiyo maana ninafungua uzi huu. Naomba tusipoteze wakati kwa ukubwa wa mizinga wala mishono ya sare. Swali langu ni hili: manowari za Shirikisho ziwe za nani, na nani awe na mamlaka ya kuzituma, kuziweka na kuziondoa?

Watunzi wengi wa hadithi za namna hii hujibu kwa mkato: jeshi moja, amiri mmoja, makao makuu Duniani, na nahodha shujaa anayezunguka akitatua shida za watu wa mbali. Kwa maoni yangu jibu hilo limetungwa na watu waliozoea kukaa katikati ya dola. Sisi wa Lamu tumekaa pembeni ya dola za wengine kwa muda mrefu, na tunalijua jambo hili kwa upande wake wa pili.

Mwaka 1812 au 1813 hivi, Pate, kisiwa jirani, pamoja na Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, walishusha watu wao Shela, kijiji cha ufuoni hapa Lamu, kwa nia ya kuitia Lamu mkononi. Walishindwa vibaya. Walipokimbilia vyombo vyao walikuta maji yamekupwa na majahazi yamelala mchangani, na wengi wakauawa pale pale ufuoni. Ushindi ule ulikuwa wa Waamu wenyewe. Lakini mshindi naye huwa na hofu: wakubwa wa mji, wakiogopa kwamba Mombasa ingerudi, walimwomba Sayyid Said wa Maskati awalinde, naye akaleta liwali na askari. Ngome ya pale Mkunguni, ambayo ujenzi wake ulikamilika mwaka 1821, ikawa makao ya askari wa Kibulushi. Mombasa haikurudi kuivamia Lamu. Askari nao hawakuondoka. Mwaka 1910 ngome hiyo ikageuzwa kuwa gereza, ikabaki gereza hadi 1984, na leo ni makumbusho. Anayepanda ngazi hadi juu ya ukuta wake ataona kwamba mlinzi aliyesimama pale aliweza kuangalia upande wa bahari, na kwa kugeuka tu akauangalia mji, nyumba kwa nyumba, na uwanja ambao watu hukutana. Bunduki yake ilifika pande zote mbili.

Mfano wa pili unatoka mbali zaidi. Baada ya vita na Uajemi, miji ya Kigiriki iliunda muungano wa ulinzi mwaka 478 kabla ya Kristo, ukiongozwa na Athens. Miji mikubwa ilileta meli na mabaharia. Iliyochoka au iliyokuwa midogo iliruhusiwa kulipa fedha. Miaka ilivyokwenda, wengi walichagua kulipa, kwa kuwa kulipa ni rahisi kuliko kumtoa mwana akavute kasia. Athens ikazichukua fedha, ikajenga meli zake, ikafunza watu wake, na mwaka 454 hazina yenyewe ikahamishiwa Athens. Mji uliotaka kujitoa ulikuta kwamba manowari zinazokuja kuurudisha zimejengwa kwa fedha zake wenyewe.

Kwa hiyo rasimu yangu inasema hivi. Kila mwanachama ajenge, aendeshe na amiliki manowari zake. Mchango wake kwa Shirikisho uwe meli pamoja na watu wake, na katiba ikataze kabisa mchango huo kugeuzwa kuwa fedha. Bunge la Shirikisho likipiga kura, meli hizo ziwe chini ya kamanda mmoja kwa muda uliotajwa. Na kikosi cha Shirikisho kisikae katika nchi ya mwanachama bila mwaliko wa bunge la mwanachama huyo, na mwaliko huo ufe wenyewe muda wake ukifika, hata kama hakuna aliyekumbuka kuufuta.

Mtu anaweza kuuliza majahazi yanaingiaje katika safari za anga. Yanaingia kupitia misimu. Liwali wa Lamu aliyeandika swali kwa Maskati mwezi wa Januari alilazimika kungoja kusi ianze ndipo barua iondoke, na jibu lingeletwa na kaskazi ya mwaka unaofuata. Safari ya Mirihi nayo ina msimu wake: njia inayotumia mafuta machache huchukua karibu miezi 9, na nafasi ya kuondoka hufunguka mara moja kila miezi 26, Dunia na Mirihi zinapokuwa zimekaa sawasawa. Kati ya nafasi mbili ni tanga mbili ndefu isiyo na upepo. Dola iliyoendeshwa kwa misimu ilimwacha liwali atende kama mfalme mdogo, na ninahofia kwamba kamanda wa Mirihi atafanya vivyo hivyo.

Karibuni. Ninaomba hoja za watu waliowahi kushika usukani, waliosoma sheria, na waliosoma fizikia.

FUNDI WA NGOMENI

Wa aleikum salaam, Bwana Langoni. Mimi niko upande wa Malindi, si mbali na Ngomeni, ambako Waitaliano walirusha satelaiti kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini, tangu 1967 hadi 1988. Satelaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei zitokazo angani, iliondoka hapo tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe ya uhuru wa Kenya, ndipo ikapewa jina hilo. Pwani yetu ilichaguliwa kwa sababu za kihesabu. Karibu na ikweta ardhi inazunguka kwa takriban mita 465 kila sekunde, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupewa mwendo huo bila malipo.

Hesabu hiyo hiyo itaamua siasa za Shirikisho lako. Ili kitu kiponyoke kabisa kutoka Duniani kinahitaji kilomita 11.2 kwa sekunde. Kutoka Mirihi, kilomita 5. Kutoka Mwezini, kilomita 2.4 tu. Mzigo wa mafuta haupandi kwa ulinganifu na mwendo, bali huruka juu upesi zaidi, kama mwanasayansi Mrusi Tsiolkovsky alivyoonyesha mwaka 1903. Maana yake ni kwamba manowari iliyojengwa Mwezini, kwa chuma cha Mwezini, itapatikana kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na iliyopandishwa kutoka Duniani. Dunia itakuwa na watu wengi, Mwezi utakuwa na meli nyingi. Ukisema kila mwanachama amiliki meli zake bila kuweka kikomo, umeukabidhi Mwezi Shirikisho zima, na Athens yako imekwisha kuzaliwa pasipo mtu yeyote kulipa senti.

Jambo la pili ni hilo la misimu. Mfano wako ni mzuri, ila una tofauti moja ambayo itabadilisha riwaya. Zama za majahazi, barua na askari vilisafiri kwa mwendo mmoja. Amri ilipofika, nguvu ya kuitekeleza ilifika ndani ya chombo kile kile. Angani vitu hivi viwili vimeachana. Sauti ya redio hufika Mirihi kwa dakika 3 sayari zikiwa karibu na dakika 22 zikiwa mbali kabisa. Kwa Zohali ni zaidi ya saa 1. Askari wa nyongeza hufika baada ya miezi, au miaka. Kwa hiyo kamanda wako hatakuwa liwali aliyeachwa peke yake. Atakuwa mtu anayepigiwa simu kila siku na wakubwa wasioweza kumsaidia kwa lolote. Kwangu hiyo ni hali mbaya zaidi. Mkubwa aliye mbali, anayeona picha za jana na kusikia sauti ya nusu saa iliyopita, atashawishika kuamuru kila hatua, na makosa yake yatalipwa na wengine.

Halafu ufute kabisa mashambulizi ya kushtukiza. Angani hakuna hewa ya kubeba joto, kwa hiyo chombo hulitoa kwa mionzi tu, na watu na mitambo iliyo ndani hutoa joto wakati wote. Nyuma yake kuna ubaridi wa nyuzi 3 hivi juu ya sifuri kabisa. Darubini ya kawaida itaiona injini ikiwashwa kutoka mbali sana. Kikosi kinachotumwa kuinyamazisha Mirihi kitaonekana siku kinapoondoka, na Mirihi itakuwa na miezi 9 ya kujadili la kufanya.

MSTAAFU WA WANAMAJI

Wanangu, nimesoma kwa makini. Nilitumikia baharini, na sitataja wapi wala lini, ila nitasema ninachokijua kuhusu amri.

Rasimu ya mwenye uzi inapendeza kwenye karatasi. Tatizo lake ni kwamba kikosi kinachoundwa na meli za wenyewe kumi huwa na makamanda kumi na mmoja. Mfano hatuhitaji kuutafuta mbali. Majeshi yetu ya Kenya yaliingia Somalia Oktoba 2011, na mwaka uliofuata yakajiunga na misheni ya Umoja wa Afrika. Kila nchi ilipewa sekta yake. Kwa mpango wa namna hiyo kila kikosi hutega sikio moja kwa kamanda wa misheni na sikio jingine kwa mji mkuu wake, na adui hujifunza upesi kwamba mpaka wa sekta mbili ndiyo njia ya kupitia. Hata hao waliokuja Shela walikuwa wawili, Pate na Mombasa, kila mmoja na shabaha yake. Mwenye uzi ameieleza vita ile kama habari ya askari waliokaa muda mrefu kupita kiasi. Mimi ninaiona pia kama habari ya muungano uliokwenda vitani bila mtu wa kuangalia saa ya maji.

Kuhusu redio, Fundi amesema kweli tupu. Dawa yake inajulikana baharini tangu zamani: anayetuma anaandika shabaha na mipaka, na nahodha anachagua njia. Tatizo ni kwamba mwanasiasa aliye na redio mkononi hatii utaratibu huu kwa hiari. Iandikwe kwenye sheria kwamba kamanda aliye umbali wa zaidi ya dakika kadhaa za nuru hawezi kushtakiwa kwa kupuuza amri ya kimbinu, na hawezi kujitetea kwa kusema aliamriwa. Vipengele hivi viwili viende pamoja. Ukiweka kimoja bila kingine umetengeneza ama dikteta ama kasuku.

Ninataka kikosi kimoja cha kudumu cha Shirikisho, kidogo, chenye makamanda waliosoma chuo kimoja. Meli za wanachama ziwe akiba.

MWANA WA LANGONI

Shikamoo, mzee wangu. Chuo kimoja ninakikubali, na kipengele cha amri kitaingia kama ulivyokisema. Kikosi cha kudumu ndicho ninachokiogopa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 241, inaruhusu majeshi yatumike kurejesha amani ndani ya nchi, lakini kwa idhini ya Bunge la Taifa peke yake, na inadai kwamba uongozi wa majeshi uakisi makabila na maeneo yote ya nchi. Sharti hilo la pili lingeandikwaje kwa Shirikisho ambalo Dunia ina mabilioni ya watu na kituo cha Zohali kina elfu kadhaa? Ukifuata idadi ya watu, makamanda wote ni wa Dunia. Ukifuata usawa wa wanachama, kijiji kimoja cha asteroidi kinapata jenerali sawa na bara la Asia. Ninaegemea usawa, kwa sababu walio wachache ndio watakaowekewa vikosi.

MGENI WA UNGUJA

Ndugu mwenye uzi, mnazungumza kana kwamba chaguo ni mawili tu. Kwetu tuna la tatu, zuri au baya, na limeishi tangu 26 Aprili 1964. Katika Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, ulinzi ni jambo la Muungano. Jeshi ni moja, JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania). Hata hivyo Zanzibar imebaki na idara zake maalum, na mojawapo ni KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo), ambacho kazi yake tangu kuundwa ni kuzuia magendo na kulinda mwambao. Si jeshi la kupigana na dola, ila kina boti, kina sare, na kina watu wanaoijua bahari ya kwao.

Ninapendekeza Shirikisho ligawanye kazi kwa mtindo huo. Vita vya nje viwe vya Shirikisho. Doria ya nyumbani, ukaguzi wa shehena, uokoaji, na ulinzi wa bandari viwe vya mwanachama, na askari wa Shirikisho asivifanye hata akiombwa. Wajerumani walifanya jambo linalofanana nalo baada ya kuungana mwaka 1871: Bavaria ilibaki na jeshi lake chini ya mfalme wake wakati wa amani, na vita vikija likawa chini ya Kaisari. Mpango huo ulidumu hadi dola yenyewe ilipoanguka mwaka 1918.

Mzee Mstaafu atasema kwamba walinzi wa pwani hawawezi kuizuia manowari. Ni kweli. Lakini wanaweza kuiona inapoingia, kuandika saa yake, na kutoa ushahidi. Mara nyingi hicho ndicho mwanachama mdogo anachokihitaji: mtu wake mwenyewe aliyekuwapo.

FUNDI WA NGOMENI

Mgeni ameugusa moyo wa jambo pengine bila kukusudia. Angani, askari wa forodha ana kazi kubwa kuliko mpiga mizinga. Kitu kinachokwenda kilomita 3 kwa sekunde kina nishati inayokaribiana na ile ya baruti ya TNT yenye uzito uo huo. Sasa fikirieni meli ya mizigo inayokwenda Mirihi na tani 1,000 za mchele. Isipopunguza mwendo itaingia kwa zaidi ya kilomita 5 kwa sekunde, na hapo mchele ule ni sawa na tani 3,000 za TNT. Hakuna aliyefunga bomu ndani yake. Breki zimegoma, au kuna mtu aliyezizima.

Kwa sababu hiyo kila chombo kikubwa ni silaha, na anayeruhusiwa kukipanda na kushika usukani wake katika siku za mwisho za safari ndiye mwenye jeshi. Bandarini Mombasa meli kubwa haiingii mpaka rubani wa bandari apande. Urubani huo wa anga ukiwa wa Shirikisho, Shirikisho limeshika koo la kila mwanachama. Ukiwa wa mwanachama, jirani zake hawatalala. Hapa ningependa kila chombo kiwe na marubani wawili, mmoja wa mwenyeji na mmoja wa Shirikisho, na injini isiwake bila wote wawili.

Kuhusu vita vyenyewe katika mizingo ya karibu, yaani njia za kuizunguka sayari, ninashauri riwaya ivifanye vichache na vya aibu. Mwaka 2007 China iliipiga kwa kombora satelaiti yake kuukuu ya hali ya hewa, ikazaa vipande zaidi ya 3,000 vinavyofuatiliwa na rada. Mwaka 2021 Urusi ilifanya hivyo kwa satelaiti yake, ikazaa zaidi ya 1,500. Kila kipande kinazunguka kwa karibu kilomita 7.5 kwa sekunde na hakichagui rafiki. Anayeshinda pambano juu ya sayari yake mwenyewe ameichafua bahari yake kwa miongo mingi. Warusi walipofyatua mzinga kutoka kituo cha Salyut 3 mwaka 1975, walihakikisha kwanza kwamba hakuna mtu ndani. Mkataba wa Anga wa 1967 nao unakataza silaha za maangamizi katika mizingo na kambi za kijeshi Mwezini, lakini haukatazi mzinga wa kawaida. Shirikisho lako litarithi tundu hilo, na mtu atalitumia.

BINTI SHELA

Kaka zangu na mzee wetu, mmetaja meli, mafuta na vipande vya chuma. Naomba kuleta miili ya watu.

Mwanaanga anayekaa bila uzito hupoteza takriban asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa mifupa ya nyonga kila mwezi, na mazoezi ya kila siku hupunguza hasara hiyo. Mirihi ina uvutano wa asilimia 38 ya ule wa Dunia, Mwezi ni sehemu moja ya sita. Mtu aliyezaliwa na kukulia Mwezini, akitua Duniani, mwili wake utakuwa mzito mara 6 kuliko alivyouzoea. Ninadhani hata kusimama foleni kutamchosha, sembuse kubeba bunduki. Kwa hiyo kikosi cha Shirikisho kitakachokaa Duniani hakiwezi kuwa na mtu wa Mwezini hata mmoja, ilhali kikosi kitakachokaa Mwezini kinaweza kujaa watu wa Dunia, wenye mifupa na misuli ya kumzidi mwenyeji yeyote. Kile kifungu cha 241 mlichokisifu kinavunjwa na maumbile kabla hakijavunjwa na mwanasiasa. Usawa wa makamanda hautasaidia kama askari anayegonga mlango usiku ana nguvu mara nyingi za yule anayefungua.

Hili linaipa uzito hoja ya Mgeni kuliko yeye mwenyewe alivyoisema. Doria ya ndani ya makazi ifanywe na wenyeji, kwa sababu mwili wa mgeni peke yake ni kitisho. Askari wa Dunia aendaye Mirihi abaki katika mzingo, ndani ya chombo chake, ashuke kwa ruhusa ya maandishi.

Nina jambo la pili kwa mwenye uzi. Umesema mwaliko wa kikosi ufe wenyewe muda ukifika. Umesema pia kwamba nafasi ya kuondoka hufunguka kila miezi 26. Je, mwaliko ukiisha mwezi wa nne na njia ikifunguka mwezi wa kumi na mbili, wale askari ni nani katika miezi ile minane? Si wageni, kwa kuwa mwaliko umekufa. Si wavamizi, kwa kuwa hawana namna ya kuondoka. Watakula chakula cha nani, na watavuta hewa ya nani? Huko hewa hutengenezwa kwa mtambo, na mtambo una mwenyewe.

MSTAAFU WA WANAMAJI

Binti, swali lako ni la kijeshi kuliko yote yaliyoulizwa hapa. Kikosi kinachongoja upepo ndicho hatari. Kina silaha, hakina kazi, na kinahesabu siku. Makamanda wabaya hutafuta kazi ya kukipa.

Jibu langu: muda wa mwaliko usipimwe kwa kalenda. Upimwe kwa nafasi za kuondoka. Mwaliko wa Mirihi uwe wa nafasi moja au mbili, na siku nafasi inapofunguka ndiyo siku unapokufa. Chombo cha kikosi kifike na mafuta ya kurudia tayari, yafungwe kwa muhuri wa mwenyeji, yasitumike kwa jambo jingine. Kamanda atakayevunja muhuri bila idhini avuliwe cheo papo hapo, na naibu wake ashike. Kuhusu Zohali sina jibu, kwa kuwa huko mtu anaweza kutumia nusu ya utumishi wake njiani. Labda pasiwe na kikosi cha Shirikisho huko kabisa.

MGENI WA UNGUJA

Ninaunga mkono muhuri. Ninaongeza kwamba chakula na hewa ya kikosi vilipwe na Shirikisho mapema, viwekwe ghalani kwa mwenyeji, na hesabu yake isomwe hadharani katika bunge la mwenyeji kila mwezi. Watu wakijua kikosi kimebakiwa na hewa ya miezi mingapi, uvumi utapungua.

MWANA WA LANGONI

Nimeandika upya rasimu nzima baada ya kusoma haya. Meli za vita zibaki mali ya wanachama, lakini kila mwanachama awe na kikomo cha meli kinachotokana na uvutano wa kwake, ili Mwezi usiwe Athens. Mwenye uvutano mdogo ajenge chache. Mchango wa fedha badala ya meli umekatazwa kama mwanzo, na hapo sitasogea. Doria ya nyumbani ni ya mwenyeji peke yake. Marubani ni wawili kwa kila chombo kikubwa. Kikosi cha kudumu cha mzee wetu nimekikubali kwa sharti kwamba kiwe cha uokoaji na cha kufagia vipande vya angani, chenye chuo kimoja kitakachofundisha makamanda wa wanachama wote. Nadhani watu waliofagia taka pamoja watafyatua mizinga kwa uangalifu zaidi, ingawa hili ni tumaini langu na si hesabu ya Fundi. Mwaliko unakufa nafasi ya kuondoka inapofunguka, na mafuta ya kurudia yako chini ya muhuri.

Zohali nimeiacha bila kikosi. Wabunge wa Zohali watalalamika kwamba wameachwa bila ulinzi, na mmoja wao atasimama bungeni kuomba walindwe. Sura ya tano itaanza na ombi lake, na nitalifanya liwe ombi lenye hoja nzito, kama lilivyokuwa la wakubwa wa Lamu.

FUNDI WA NGOMENI

Basi nitumie ukubwa wa chombo na idadi ya askari, nikufanyie hesabu ya mafuta yaliyo chini ya muhuri. Ninakuonya mapema kwamba yatakuwa mengi kuliko unavyodhani, na kwamba kamanda wako, katika mwezi wa kumi na tano wa kukaa bure, atakuwa ameanza kuyatazama kwa jicho jingine. Andika sura hiyo kabla ya ile ya bunge.